Mtoto Mchanga Ndani ya Motokari: Kiti Chake Kinafungwa Namna Gani?

Siku hizi kwa barabara ya kutoka Kisangani kwenda Bafwasende unaona kitu ambacho wazee wetu hawakukiona mara nyingi: familia inasafiri ndani ya motokari yake yenyewe. Papa ananunua zahabu ao diama kule machimboni, kazi imebarikiwa, amepata jeep ya okazio. Mama alikuja mjini kujifungua, na kisha majuma machache papa anakuja kuwachukua, yeye na mtoto. Mizigo inafungwa kwa kamba juu ya motokari. Bido za mafuta zinafungwa. Hata mbuzi anafungwa. Mtoto mchanga peke yake ndiye hafungwi. Anakaa juu ya mapaja ya mama.

Si kwa kukosa upendo. Ukiuliza, mama atakujibu: "Papa Pasta, niko namushika na mikono yangu miwili, ataanguka namna gani?" Na papa ataongeza: "Mungu analinda." Majibu hayo mawili tutayaangalia katika ukurasa huu wa familia. Tutaonyesha pia namna ya kufunga kiti cha mtoto mchanga, kile ambacho mtoto anakaa akiangalia nyuma ya motokari, kwa sababu viti hivyo vimeanza kufika kwetu. Vingine vinakuja ndani ya motokari za okazio, vingine vinatumwa na ndugu walio Ulaya. Lakini wengi wanavipokea bila kitabu cha maelezo, na mwisho wake kiti kinakuwa pahali pa kulaza mtoto barazani.

MIKONO YA MAMA HAITOSHI

Tufanye hesabu kidogo. Motokari inakwenda kilometa 50 kwa saa, si mbio kubwa. Mbele yake kunatokea lori imesimama bila taa, na inagonga. Motokari inasimama kwa ghafula, lakini watu walio ndani bado wanaendelea mbele kwa mwendo ule ule wa kilometa 50, mpaka kitu kiwazuie. Mtoto wa kilo 7, kwa dakika ile ya kugonga, anavuta kwa nguvu ya mara 20 ya uzito wake ao zaidi. Ni kama kilo 140, karibu mifuko mitatu ya simenti. Ni mama gani anaweza kushika mifuko mitatu ya simenti inayorushwa, tena bila kuonywa? Mikono inafunguka. Na kama mama mwenyewe hakufunga mkaba, mwili wake wote unamgandamiza mtoto mbele.

Na ukifunga mkaba mmoja juu ya mama na mtoto pamoja? Hapo ni vibaya zaidi, kwa maana mtoto anabanwa kati ya mkaba na mwili wa mama.

Ninyi munaofanya kazi ya shimo munaelewa jambo hili kuliko watu wa mjini. Mti wa kushikilia udongo katika shimo haukazwi siku udongo unapoanguka. Unakazwa mbele, wakati kila kitu kimetulia na wengine wanaona kama ni kupoteza saa. Mti uliowekwa legelege unaonekana sawa na mti uliokazwa, mpaka siku ile. Kiti cha mtoto ni vilevile. Kiti kisichokazwa kinaweza kuwa kizuri kwa macho, lakini siku ya kugonga kinaruka pamoja na mtoto.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu kwamba ajali za barabarani ziliua watu karibu milioni 1 na 190,000 duniani katika mwaka 2021. Shirika hilo linasema pia kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto katika ajali kwa 60 kwa mia. Si jambo dogo.

SABABU GANI MTOTO ANAANGALIA NYUMA?

Mtazame mtoto aliyezaliwa leo. Kichwa chake ni karibu robo moja ya urefu wa mwili wake. Na shingo? Mifupa ya shingo yake bado haijakomaa, sehemu nyingine bado ni laini kama gegedu la sikio. Kama anaangalia mbele na motokari inagonga, mikanda inashika mabega, lakini kichwa kizito kinarushwa mbele na kuvuta shingo. Pale ndani ya shingo ndipo unapita uti wa mgongo wenye kupeleka pumzi na maisha.

Lakini kama anaangalia nyuma, motokari ikigonga mbele, kiti kinapokea mgongo, shingo na kichwa vyote pamoja kwa mara moja. Ni kama mtu aliyeanguka chali juu ya godoro, kuliko mtu aliyekamatwa kwa kola ya shati.

Mtu wa kwanza kufuata wazo hili alikuwa Bertil Aldman, muganga na mwalimu wa Uswedi. Aliona namna wasafiri wa anga wa Marekani walivyolazwa chali ndani ya chombo chao cha Gemini ili mgongo upokee nguvu ya kurushwa. Akawaza: kama ni vizuri kwa mtu mzima mwenye nguvu, je, mtoto? Katika mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilijaribu mfano wa kwanza wa kiti kama hicho.

Mtoto akae hivyo mpaka lini? Sheria ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R129, iliyoanza mwaka 2013, inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite miezi 15. Waganga wa watoto wa Marekani, tangu mwaka 2018, wanashauri azidi kukaa hivyo mpaka afikie uzito ao urefu wa mwisho ulioandikwa juu ya kiti. Usiogope miguu yake ikigusa kiti cha motokari. Mtoto anajua kukunja miguu.

MBELE YA KUPOKEA KITI CHA OKAZIO

Angalia mambo haya matano:

1. Uliza kama kiti kimekwisha kupita katika ajali. Kama ndiyo, ao kama hakuna anayejua, usikitumie.

2. Kipindue. Tafuta ufa katika plastiki. Ufa mdogo leo, siku ya kugonga utakuwa mlango.

3. Angalia mikanda midogo ya mtoto: isiwe imetafunwa na panya, kuungua, ao kushonwa na fundi wa nguo. Kifungo chake kifunge kwa sauti, na kikifungwa kisifunguke kwa kuvutwa.

4. Tafuta karatasi iliyobandikwa. Kiti cha Ulaya kina alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na uzito ao urefu wa mtoto anayefaa. Kiti cha Marekani kimeandikwa uzito na urefu kwa Kiingereza.

5. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Plastiki inazeeka, na kwa jua letu inazeeka mbio. Viti vingi vina mwisho wa miaka 6 mpaka 10.

KUFUNGA KITI, HATUA KWA HATUA

Fanya kazi hii siku moja mbele ya safari, bila mtoto ndani, bila haraka. Papa na mama wafanye pamoja, ili mmoja akikosa, mwingine ajue.

Kwanza, chagua pahali. Kiti cha mtoto kinakaa nyuma. Katikati ni pazuri kama pana mkaba wenye kufaa na kiti kinakaa imara. Kama hapana, upande mmoja ni sawa. Usiweke kamwe kiti chenye kuangalia nyuma mbele ya erbagi, ule mfuko wa hewa uliofichwa mbele ya abiria. Mfuko ule unapasuka kwa nguvu kubwa sana na kupiga mgongo wa kiti pale pale kichwa cha mtoto kilipo. Katika miaka ya 1990, kule Marekani, watoto wachanga walikufa hivyo katika ajali ndogo ambamo watu wazima walitoka wazima.

Pili, tafuta mkaba wa motokari. Katika okazio nyingi mikaba ya nyuma imezama chini ya kiti, ao imefunikwa na kapeti mpya. Itoe. Vuta kwa ghafula uone kama inajizuia. Angalia chuma chake chini: kimekazwa kwa bulo, ao kimelika na kutu? Mkaba uliokatwa usiunganishwe kwa uzi. Utafute mwingine mzima, fundi aufunge kwa bulo pale pale pa kwanza.

Tatu, weka kiti kikiangalia nyuma, sawasawa na mshale ao picha iliyochorwa ubavuni. Kiti kilale kidogo. Kwa mtoto mchanga sana, mulalo wa karibu nusu ya pembe ya mraba, yaani digrii 45, unafaa. Viti vingi vina kipimo kidogo cha rangi ao mstari wenye kuonyesha. Kama kiti kimesimama sana, kichwa cha mtoto kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya pumzi inaziba. Jambo hili linaweza kuua bila ajali yoyote. Kama kiti cha motokari kina mteremko na maelezo ya kiti cha mtoto yanaruhusu, weka taulo iliyokunjwa vizuri chini, upande wa miguu ya mtoto.

Nne, pitisha mkaba katika njia yake. Katika viti vingi vya Ulaya njia hiyo ina alama za buluu: sehemu ya chini ya mkaba inapita juu ya kiti upande wa miguu, na sehemu ya bega inazunguka nyuma ya mgongo wa kiti. Viti vingine vinapitisha mkaba wote ndani ya tundu mbili. Fuata alama, si mawazo. Mkaba usijipinde.

Tano, kaza. Hapa ndipo kazi yenyewe iko. Gandamiza kiti kwa mkono ao kwa goti, uzito wako wote, mpaka kizame ndani ya kiti cha motokari. Mwenzako avute mkaba mpaka usiwe na legelege. Mikaba mingine, ukiivuta yote mpaka mwisho na kuiacha irudi, inajifunga na hairegei tena. Mingine inashikwa na kibano kilicho juu ya kiti cha mtoto.

Sita, pima. Shika kiti pale mkaba unapopita, si juu kwenye kichwa. Kisukume kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kisitikisike zaidi ya sentimita mbili na nusu, upana wa vidole viwili tu. Kama kinacheza zaidi, fungua, anza tena. Fundi wa pirogi hachoki kuziba tundu mara ya pili.

Saba, sasa mweke mtoto. Mgongo na makalio yake vifike nyuma kabisa. Mikanda midogo itoke nyuma ya mgongo wake kwa usawa wa mabega ao chini yake kidogo. Ifunge na kuikaza mpaka usiweze kufinya mkunjo wa mkanda kati ya vidole viwili begani. Kama kuna kibano cha kifuani, kikae kwa usawa wa kwapa. Usimvike mtoto nguo nene ao kumfunga ndani ya blanketi mbele ya mikanda. Mikanda kwanza, kikwembe juu yake.

Motokari nyingi zilizotengenezwa kisha mwaka 2000 zina vyuma viwili vidogo vilivyofichwa kati ya makalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Vinaitwa ISOFIX. Kama kiti chako kina mikono ya kushika vyuma hivyo, sukuma mpaka usikie vikilia pande mbili, kisha pima vilevile.

JEEP ZETU NA NJIA ZETU

Jeep ndefu nyingi za machimboni zina mabenchi nyuma, watu wanakaa kwa kutazamana. Kiti cha mtoto hakifungwi kamwe kwenye benchi la ubavuni. Na sehemu ya mizigo ya pick-up si pahali pa mtoto, hata akikaa na mama yake. Kama pick-up ina kiti kimoja tu cha mbele, weka kiti cha mtoto pale, lakini kwanza uhakikishe kwamba hakuna erbagi upande ule, ao kwamba imezimwa kwa ufunguo wake. Sogeza kiti cha motokari nyuma mpaka mwisho.

Njia zetu zina mashimo, na mashimo yanaregeza kila kitu. Kwa hiyo jifunze desturi hii: kila munaposimama kwenye barieri, ao munapongoja bac, sukuma kiti kwa mkono. Ni kazi ya sekunde tano. Papa shofere asiseme ni kazi ya mama.

Tena, kila saa moja na nusu ao mbili simameni, mtoeni mtoto, anyonye, anyooshe mgongo. Asinyonyeshwe motokari ikitembea. Kiti hiki ni cha safari, si kitanda: mkifika, alazwe chali mahali palipo sawa. Na kwa jua la Kisangani, karibu kabisa na mstari wa ekweta, gusa chuma cha kifungo mbele ya kumfunga mtoto. Usimwache ndani ya motokari iliyofungwa hata dakika moja ya "ninakwenda kulipa tu".

NA SISI WA TOLEKA NA PIKIPIKI?

Wengi wanaosoma gazeti hili hawana motokari. Kwenda kupima mtoto, kutoka Mangobo ao Kabondo, mnapanda toleka ao pikipiki. Tusidanganyane: hakuna kiti cha mtoto mchanga chenye kufaa juu ya pikipiki, na hakuna namna ya kumbeba pale iliyo salama kabisa. Lakini hatari inaweza kupunguzwa. Kama njia ni fupi, tembea kwa miguu. Kama ni lazima kupanda, panda peke yako na mtoto, si watu watatu. Mchague kijana unayemjua kwa mwendo wake, si kwa bei yake, na mwambie mbele ya kuondoka: "Mwanangu, polepole, niko na mtoto." Usipande usiku, wala njia ikiwa na utelezi kisha mvua. Vaa kofia ya chuma kama ipo. Fungia kikwembe juu, ncha zake zisining'inie, kwa maana gurudumu likishika kikwembe linavuta mama na mtoto pamoja.

Na kwa safari ndefu ya kurudi machimboni, nina shauri moja kwa vikundi vya akina mama. Munajua kufanya likelemba kwa masufuria na vikwembe. Fanyeni moja kwa kiti. Kiti kimoja kizuri, chenye historia inayojulikana, kinaweza kukaa kwa mama mmoja mwaminifu na kuazimwa kwa kila anayetoka materinite na kupata nafasi katika motokari, hata ya kukodi. Kikirudi, kinaangaliwa na kuoshwa kwa sabuni na maji tu, na kungoja mtoto mwingine.

"MUNGU ANALINDA"

Sasa tulirudie lile jibu la papa. Ni kweli, Mungu analinda. Lakini soma Kutoka sura ya 2. Mama wa Musa alikuwa na imani. Waebrania 11 inashuhudia imani ya wazazi wale. Imani yake ilifanya nini? Ilitafuta kisafina cha mafunjo, ikakipakaa lami, kisha ndipo ikamweka mtoto ndani na kukiweka kwenye majani kando ya mto. Katika Kiebrania neno lililotumiwa kwa kisafina kile ni lile lile la safina ya Noa. Noa pia alipakaa lami ndani na nje. Sisi watu wa mto tunajua: chombo kisichozibwa kinazama, hata kama waliomo wanaimba zaburi.

Yule mama hakusema, "Kama Mungu anataka kumwokoa, lami ya kazi gani?" Vilevile Bwana wetu, aliposhauriwa na Shetani ajitupe toka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamshika, alikataa. Alisema ni kumjaribu Mungu. Na sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamtaka mwenye nyumba kujenga ukuta mdogo pembeni ya dari, ili damu ya mtu anayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Mungu anatuuliza habari ya hatari tuliyoiona na kuiacha.

Kwa hiyo, papa, jumamosi ijayo, mbele ya kuweka mafuta, chukua nusu saa. Toa kile kiti barazani. Fungua mkaba uliozama, kaza kwa goti, pima kwa vidole viwili. Muite mama naye apime. Na asubuhi ya safari, mtoto akiwa amekwisha kufungwa, wekeni mikono juu ya motokari, muombe. Hapo mutakuwa mumeziba chombo chenu kwa lami, na mto wenyewe munaweza kumwachia Bwana.